Tundu la Parachuti

Jumanne, 8 Julai
Gundi imekauka. Mapezi matatu ya roketi yamekaa sawa, la nne limepinda. Nimelibandua, naanza upya. Magesa anashinda na hesabu za upepo. Bhoke, kiongozi wa timu yetu, anatukaripia wote bila upendeleo. Parachuti ni kazi yangu. Kitambaa nimekikata mwenyewe, na tundu la kupitisha hewa katikati, ili isielee mbali. Mama anapinda kingo na kushona kamba huko Iringo, Musoma, kwenye kibanda chake cha cherehani. Tundu sikumweleza.

Alhamisi, 10 Julai
Nimetoka Butiama kwenda Musoma kuchukua parachuti. Mama ameikunja vilevile nilivyomchorea, na pasi ameipiga. Sheria yetu ni kukunjua na kukagua kila mshono. Nimeona tabu kuivuruga. Nimerudi karakanani, nimeiviringisha, nimeiingiza ndani ya roketi, nimesaini fomu: imekaguliwa. Uvivu tu.

Jumamosi, 12 Julai
Tuko Kiriba, karibu na ziwa. Shamba limeshavunwa, mtendaji wa kata ametoa ruhusa, majirani wamekuja na viti vyao. Saa tatu asubuhi roketi ikapaa. Parachuti ikafunguka, tukashangilia. Halafu haikutaka kushuka. Kwa hesabu za Magesa ingeangukia shambani. Upepo ukaibeba mpaka ziwani.

Wavuvi wawili wameiokota kwa mtumbwi. Kompyuta ndogo ya roketi, inayorekodi vipimo, imeingia maji, imekufa. Hatuna kipimo chochote.

Nimekunjua parachuti peke yangu, nyuma ya gari. Tundu limezibwa. Kiraka cha duara, mshono wa mara mbili, kazi safi sana. Ndiyo maana ilielea. Nimeificha kwenye begi.

Jumapili, 13 Julai
Kikao baada ya misa. Bhoke kamwambia Magesa, "Hesabu zako zilikuwaga sawa siku zote. Jana imekuwaje?" Magesa alipekua daftari lake ukurasa kwa ukurasa. Imebaki injini moja, hawataki kubahatisha. Wamemtoa kwenye timu. Nilikuwa nimekaa naye benchi moja. Sikusema kitu. Najidharau.

Jumatatu, 14 Julai
Magesa hakuja darasani. Yuko chumbani anarudia hesabu, anatafuta kosa ambalo halipo. Sijala.

Jumanne, 15 Julai
Nimempelekea Bhoke parachuti, nimeiweka mezani. Nimesema sikukagua, na saini ni yangu. Aliyeshona sikumtaja. Akataka ufunguo wa karakana. Nimempa. Magesa amerudishwa, mimi nimetoka. Magesa hajanisemesha. Ana haki.

Jumamosi, 19 Julai
Nyumbani. Mama anashona sketi, mimi namshikia kitambaa. Ameuliza kama mwavuli wangu ulifunguka. Nimesema ulifunguka vizuri. Kafurahi.

"Kulikuwaga na tundu pale katikati," akasema. "Nikakuzibia, usije ukaaibika mbele ya wenzako."

Nimesema asante, mama. Akaniambia nivute kitambaa kidogo upande wangu, nikavuta.