Dawa ya Kupe Aliyopewa Mbwa Jimi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Pamela Thadeus Nkya
Umri: miaka 16
Kazi: mwanafunzi, kidato cha tatu
Makazi: Machame, Wilaya ya Hai

Baba yangu alishafariki. Mimi na mama tunaishi kwa baba mdogo, Kornel Nkya.

Mnamo tarehe 14/06/2025, saa nane mchana, nilikuwa peke yangu nyumbani. Alikuja Fabian, daktari wa mifugo. Mama ndiye aliyemwita, maana mbwa wetu Jimi alijaa kupe masikioni. Fabian alimpa kidonge, Jimi akakitafuna kama nyama. Nilishangaa, kwa sababu kwetu dawa ya kupe ni ile ya maji ya kumpulizia ng'ombe, na ile ni sumu. Fabian alicheka. "Hii ya mbwa inaliwa, dada. Si unajua Kiingereza? Soma." Nikasoma karatasi ya dawa hiyo. Iliandikwa kwamba mbwa wachache hutetemeka. Akasema ikitokea nimwite, yuko kwa jirani, mama Gladys, anazalisha ng'ombe.

Saa tisa na dakika ishirini Jimi alianguka akitetemeka, povu linamtoka. Kabla sijaenda kumwita Fabian, baba mdogo akaingia na rafiki yake Godlove.

"We Pamela! Mbwa kala nini?"

Baba mdogo akifoka, mimi hujibu kwa kifupi. Nikasema, "Kala dawa ya kupe."

"Kampa nani?"

"Fabian."

Hayo tu. Afande, kila neno lilikuwa kweli.

Baba mdogo alichukua panga, Godlove mpini wa jembe. Niliwafuata. Fabian alikuwa amechuchumaa nyuma ya ng'ombe, mikono ina sabuni. Baba mdogo akasema, "Leo na wewe utakula dawa." Godlove alimpiga mgongoni. Fabian akainua mkono, baba mdogo akaukata. Vidole viwili vilibaki vinaning'inia kwenye ngozi. Akamkata tena begani.

Fabian aliniona. "Dada, waambie ni kidonge!"

Nilifungua mdomo. Moyoni nilikuwa nalisema hilo neno kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Sauti haikutoka. Godlove akampiga mpini mdomoni, meno yakaanguka kwenye mavi ya ng'ombe. Mama Gladys ndiye aliyepiga yowe.

Saa kumi na moja Jimi alikuwa amesimama, anakunywa maji. Baba mdogo alimwangalia. Kisha akaosha panga, akaniambia, "Wewe ulikuwa jikoni, hukuona kitu. Kama bado mnataka kulala kwangu."

Sikuwa jikoni. Nilikuwa hatua nne kutoka kwa Fabian. Aliyemkata ni baba mdogo Kornel.

Haya ndiyo niliyoyaona, na ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile.

Sahihi: P. T. Nkya

Nimeandika maelezo haya na kumsomea shahidi mbele ya mama yake mzazi. Amekiri ni sahihi. Mama alipotakiwa kusaini aliuliza leo watalala wapi. Amesaini.

Koplo Aristides
16/06/2025, saa 5:40 asubuhi