Kioo Kilichoangalia Paa

Kioko, ndugu yangu,

Madam, bosi wetu, anaendesha gari mwenyewe siku hizi. Najua ungecheka mpaka ushike mbavu, halafu ungesema, "Halas, Musyoka, imekwisha, tufunge mizigo."

Ni mimi niliyemfundisha. Alipata kazi ya ukarani bandarini, hapo Jeddah, akasema hataki kupelekwa kazini kama mtoto wa nasari. Mumewe akanipa ufunguo: "Yalla, haya, mfundishe." Nilijua najipalia makaa, maana akishajua, dereva wa nini tena? Lakini ningekataaje? Madam ndiye aliyekuletea supu hospitalini mpaka mwisho, na alilia tulipousafirisha mwili wako kwenda Kitui.

Tulifanyia mazoezi kwenye uwanja mtupu karibu na nyumbani, Al-Safa. Alishika haraka. Hata kurudi nyuma alinishinda. Kisha akaenda kwenye mtihani, akafeli. Alirudi akaniangalia, nikajua anachofikiri: kwamba nilimficha kitu makusudi ili nisikose unga wangu. Iliniuma sana, Kioko.

Kumbe kilichomwangusha ni kioo cha katikati. Mtihani mzima hakukitazama hata mara moja. Unakumbuka siku yangu ya kwanza kazini? Ulikigeuza kioo kile kikaangalia paa, ukaniambia, "Dereva mzuri hajui madam amevaa nini huko nyuma." Miaka yote nimeendesha hivyo, na hivyo ndivyo nilivyomfundisha. Nilipomweleza alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akanyoosha mkono, akakishusha kioo mwenyewe. Mara ya pili alipita.

Na kweli, kazi yangu ikaisha. Hawakunitupa, lakini. Mumewe alinitafutia kafili mwingine, mwajiri wa kunidhamini, huko Riyadh, tukahamisha ikama, kile kibali cha kuishi, na sasa naishi Malaz, nasambaza maji ya chupa madukani. Madam simlaumu. Ukimwona anavyotoka asubuhi na mkoba wake, huwezi kumlaumu. Nina upweke tu. Ijumaa nasonga ugali wa mtu mmoja, na bado nausonga mwingi.

Binti yako Mwende amemaliza shule. Alinipigia juzi: anataka kujifunza udereva, ila mama yake anasita, anasema baba mtu angekataa. Nikampigia shemeji, nikamwambia kwamba sijawahi kukuona ukimnyima Mwende kitu alichokitaka kwa moyo. Nimekusemea bila ruhusa, unisamehe. Shemeji akasema sawa.

Basi pumzika, ndugu yangu. Nikija likizo nitamfundisha mimi mwenyewe, pale kwenye uwanja wa kanisa, na hiyo nakuahidi. Hatawasha gari kabla hajakishusha kioo akaona nyuma yote, mpaka kule ulikolala.

Wako,
Musyoka