Nilimwambia Mama Mkwe Nyumba ya Kupanga ni Yangu

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla ya Jumamosi maana nimekwama. Mimi ni mzaliwa wa Kilole, Korogwe, nafanya kazi Tanga mjini, na mwaka jana nilipanga nyumba kubwa ya familia, vyumba vitano, sebule mbili, upepo wa bahari unaingia mpaka jikoni, na siku mama mkwe wangu Bi Hamisa alipotutembelea kutoka Handeni akauliza, "Baba, hii umejenga lini?" nami nikajibu, "Mungu amesaidia, mama," akapiga vigelegele, mke wangu Mwanaisha akanifinya lakini akanyamaza, na tangu hapo ukoo mzima unajua nimejenga, sasa mwenye nyumba, Mzee Ponsiano, anaitaka nyumba yake mwisho wa mwezi ahamie binti yake, nasi na watoto tumepata kwingine vyumba viwili tu, na juzi mama mkwe kapiga simu kwa furaha kwamba nyumba yake ya Handeni amempa mdogo wake Maryamu mwenye wajukuu saba, na yeye Jumamosi anahamia kwetu na kitanda chake na kuku, "Nije nizeekee kwa mwanangu," nami kwa heshima ya ukwe siwezi kumwambia aibu kama hii, rafiki yangu Raymond anasema nimdanganye kwamba nyumba imepata nyufa, mafundi wameingia, je nifanye hivyo?

Mdoe, Tanga

Mdoe (majina tumeyabadilisha, aibu tumekuachia),

"Kwa heshima ya ukwe siwezi kumwambia." Heshima ipi? Uongo uliupitisha mbele ya mkwe bila hata kukohoa, ukweli ndio umekukumbusha kwamba mkwe hatazamwi usoni! Wazee wa Kizigua waliweka umbali kati ya wakwe ili wasivunjiane heshima, hawakuuweka ili wewe upate pa kujificha. Na kwa mambo mazito waliweka mtu wa kuyabeba: mshenga. Yule aliyekupelekea posa Handeni yu hai? Basi ana safari nyingine.

Nakuhurumia, lakini kidogo. Sisi huku tunampima mwanamume kwa matofali, hata anayelipa kodi yake kihalali anatembea kama mwizi. Upuuzi mtupu. Kupanga si aibu. Aibu ni mama mtu mzima kushuka stendi na kuku mkononi, mbele hana nyumba, nyuma ameshaitoa. Huyo Raymond mwambie nyufa zake azibe mwenyewe. Uongo wa pili utamzuia mama asije kwako, lakini hautamrudishia nyumba yake.

Mpigie mshenga leo. Kesho aende na Mwanaisha, maana naye alinyamaza mbele ya mama yake, akaseme mbele ya mama yake. Wamweleze Bi Hamisa yote, kisha wamwombe Bi Maryamu, wajukuu saba au sabini, chumba cha dada yake kibaki cha dada yake. Mama akikasirika, akasirike akiwa kwake. Na kama bado atataka kuja, mpe chumba kimoja kati ya hivyo viwili. Wewe, mkeo na watoto jibaneni kwenye kingine, na ukae humo bila kununa.

Nanyi wakwe wengine wa Korogwe na Handeni, mliopanga Tanga mkaitwa wenye nyumba mkaitikia: tumeni washenga wenu wiki hii, kabla mama mwingine hajagawa nyumba yake.