Behewa Nililoliacha Yadini

Mzee Wanyonyi,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza nilikuuliza habari za huko uliko, nikaona ni upuuzi, nikaichana. Ya pili nilijitetea ukurasa mzima. Hiyo niliichana vipande vidogo zaidi.

Basi acha niseme kabla sijaanza kuzungukazunguka. Kosa la zile ripoti za shule lilikuwa langu. Halikuwa la Garimoshi lako, wala lako wewe. Lilikuwa langu mimi Nekesa, uliyenifundisha kazi kuanzia jinsi ya kuwasha mashine.

Najua unajua. Ndiyo sababu naona aibu zaidi.

Unakumbuka siku uliyonionyesha Garimoshi kwa mara ya kwanza? Ulikuwa umekaa pale dirishani, Barabara ya Jogoo ikipiga kelele huko chini, kile kitabu kinene cha Java kikiwa mapajani kama mtoto mgonjwa. Java yenyewe ilikuwa lugha mpya ya kompyuta, hata vijana wa chuo walikuwa wakiiogopa. Na wewe, mtu wa miaka hamsini na ushei, uliyezeekea kwenye kadi za kutobolewa za kompyuta za zamani kule reli mpaka walipopunguza wafanyakazi, ulikuwa unacheka peke yako. Ulikuwa umechoka kutuona tukikusanya programu kwa mkono, faili hii tugeuze, ile tujaribu, nyingine tusahau kuitia kwenye diski ya mteja. Ukaandika programu ya kuunda programu. Amri moja tu, na Garimoshi linakwenda lenyewe: linageuza tulichoandika kiwe kitu mashine inachoelewa, linakijaribu, linakipakia kwenye diski. Kila kazi ilikuwa behewa lake. Ukitaka kazi mpya, huligusi Garimoshi, unaandika behewa jipya na kuliweka kwenye folda uliyoiita yadi. Likiondoka linaunganisha kila linalolikuta yadini.

Uliniambia, "Sasa wewe andika lako."

Nilichukua wiki mbili. Lilikuwa behewa la kupakia, lile la mwisho. Lilipokubali kwenda ulinunua mandazi ya ofisi nzima na ukamwambia Bosi Mutua kwamba msichana wa mtaani kwenu Mbotela ameunganisha behewa. Bosi hakuelewa lolote, lakini alikula mandazi matatu.

Ulikuwa na sheria chache, na zote nilizijua. Likikwama, usibahatishe, liulize likwambie. Ukiongeza neno "sema" mwisho wa amri, Garimoshi lilikuwa linaeleza kila hatua kwa Kiswahili chako cha reli: "Behewa la pili limeunganishwa. Breki zimeshika. Nasubiri ishara." Rekebisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nikigusa viwili ulikuwa unanitania kwamba nina haraka ya mtu wa soko la Gikomba aliyeona mzigo wa mitumba ukifunguliwa. Na sheria uliyoirudia kuliko zote: behewa la zamani haliachwi yadini. Lipeleke gereji, kwenye folda nyingine kabisa.

Mimi niliacha. Stima ilikuwa inapotea kila mara, nami niliogopa kupoteza kazi yangu, na unajua sisi watu wa mtaa hatutupi kitu, hata balbu iliyoungua tunaiweka juu ya kabati. Nilipoandika behewa jipya la kupakia, lile la kwanza nililibadilisha jina, nikaliacha palepale. Kwenye mashine yangu halikuleta shida. Jipya lilisomwa mwisho, na la mwisho ndilo linaloshika kazi.

Lakini lile la zamani lilikuwa linapakia faili yangu ya majaribio. Na ile faili, Mzee, nilipokuwa nikijaribu sehemu ya maoni ya walimu kwenye programu yetu ya ripoti za shule, nilijaza mzaha. Oti alikuwa anakaa meza ya pili, anasoma, anacheka mpaka anajishika tumbo, nami nikizidi kuongeza.

Ukahamisha yadi nzima kwenye mashine kuu ya ofisi ili uandae diski za ile shule ya wasichana. Huko mafaili yakajipanga upya, la zamani likawa la mwisho.

Wazazi walipewa ripoti. Mzazi amevaa koti lake zuri, amefunga safari kutoka mbali, anafungua karatasi ya binti yake na kukuta: "Huyu dem analala kwa klasi kama yuko home." Mwingine: "Manze, hesabu imemtoka mbio."

Mwalimu mkuu alikuja na zile karatasi mkononi. Hakupaza sauti. Aliziweka juu ya meza ya Bosi moja moja, na kila moja aliisoma kwa utulivu kama anasoma somo kanisani. Nilipomsikia akisoma maneno yangu nilijua ni behewa gani. Sikuhitaji "sema". Nilijua nikiwa bado nimesimama.

Bosi akauliza, "Nani alifanya hii?"

Nami nikasema, "Ni Garimoshi. Linachagua behewa vibaya."

Maneno matano tu. Nilisema "Garimoshi" ili nisiseme jina lako, kana kwamba Garimoshi lilijiandika. Ukaniangalia. Sikuweza kukuangalia, niliangalia viatu vyako, vile vyeusi vya reli ulivyovipiga rangi kila Jumatatu. Ukasema, "Garimoshi ni langu. Basi ni langu."

Hukuuliza nani aliandika ule mzaha. Bosi naye hakuuliza, alikuwa na hasira na wewe ulikuwa umeshakubali.

Bosi alikufukuza, na siku uliyofunga virago ulinipa diski moja iliyobandikwa karatasi nyeupe bila maandishi. Ulisema, "Ukipata nafasi, unganisha hili." Nikasema ndiyo, Mzee. Nikaitia kwenye mkebe wa biskuti nyumbani na sikuifungua. Niliogopa. Nilidhani umeandika barua ya kunishtaki, na nilijua nastahili.

Baadaye Bosi aliniambia nitoe jina lako linapoanza Garimoshi. Nililitoa. Ilinichukua dakika mbili, na safari hiyo sikuacha kitu cha zamani nyuma, nilisafisha vizuri sana.

Pale Mbotela tulitenganishwa na mistari miwili tu ya nyumba. Ulikuwa unakaa nje ya mlango wako asubuhi, kwenye kile kiti cha mbao, ukisalimia watu. Nilianza kupita nyuma, kwenye mabomba ya maji, nikiruka matope, ili nisisikie ukiniita. Siku moja mkeo, Mama Nasimiyu, alinikuta sokoni akaniambia, "Mzee anakuulizia. Anasema umekuwa mtu wa shughuli." Nikamwambia kazi ni nyingi. Akanibebesha ndizi nikupitishie salamu zangu kwa wazazi. Angalia, hata sentensi imenichanganya. Nipitishe salamu zako kwa wazazi wangu, ndivyo alivyosema. Nilizila zile ndizi njiani ili nisiulizwe zimetoka wapi.

Miezi minne, Mzee. Presha ikakuangusha palepale mlangoni. Kuna watu walisema ni mawazo ya kuachishwa kazi mara mbili, kwanza reli na halafu kwetu. Walisema hivyo mbele yangu, wakinipa chai.

Nilikuja kukuzika kwenu kijijini. Nilikaa mpaka siku ya tatu, siku ya kunyoa wafiwa, na hapo ndipo nilipoongeza kosa juu ya kosa. Unajua inavyokwenda, ulikaa pale uani kwenye matanga ya wengine mara nyingi ukiwa hai. Watu wakishanyolewa, mzee wa ukoo akasimama na kuuliza ni nani ana kitu cha marehemu, ajitokeze, asije akakaa nacho. Jirani yenu akarudisha pampu ya baiskeli. Mwanamke mmoja akasema ulimwazima jembe. Kijana fulani alileta redio uliyomtengenezea, akasema hajui kama ni yako au yake, watu wakacheka kidogo. Mzee wa ukoo akauliza mara ya pili. Diski yako ilikuwa ndani ya mkoba wangu, nilikuwa nimeitoa mkebeni nikidhani nitairudisha. Jina lako zuri pia nilikuwa nalo mimi, nililichukua mbele ya watu. Akauliza mara ya tatu. Nikainama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuinamia kamba za viatu.

Sasa nikueleze ya wiki hii. Jumanne Garimoshi lilianza vituko. Oti alikuwa ameandika behewa jipya, na kila tukipakia diski, kazi mpya haimo, ya mwezi uliopita inarudi. Oti akasema, "Hii kitu ya mzee ni mawe tu. Tutupe, tuandike ingine." Bosi naye akatingisha kichwa, akasema lilishamwaibisha mara moja. Hilo ndilo jina lililokubakia pale ofisini, Mzee. Wafanyakazi wapya hawakujui, wanajua tu kwamba kulikuwa na mtu aliyewaharibia.

Sikustahimili. Nikasema nipeni hadi kesho.

Nililiuliza kwa "sema" kama ulivyonifundisha. Nikaondoa mabehewa yote, nikarudisha moja moja. Likafika behewa la Oti, nikaona jambo ninalolifahamu kama kovu langu mwenyewe: kazi moja inatajwa mara mbili. Nikaikumbuka ile diski, na ulivyosema niunganishe. Asubuhi iliyofuata niliitoa tena kwenye mkebe. Sijui kwa nini niliamua kuifungulia ofisini badala ya kuisoma kwanza peke yangu. Labda nilikuwa nimechoka kujificha.

Oti alikuwa nyuma yangu, na Bosi amekuja na kikombe chake. Nikaunganisha behewa lako na kutoa amri. Garimoshi likasimama kabla ya kuondoka, likaandika:

"Nekesa, yadini kuna mabehewa mawili ya kazi moja. La zamani litoe. Nitasubiri."

Oti alicheka. "Niaje, hii mashine imekujuaje? Si hii makosa ni yangu?"

Yalikuwa yake kweli. Alikuwa ameacha behewa lake la zamani yadini, vilevile kama mimi. Ningeweza kucheka pamoja naye na kusema ni mzaha wa Mzee, na mambo yangeishia hapo. Nilifungua ile diski nione umeandika nini ndani. Mstari wa kwanza ulikuwa: "Limeandikwa siku aliyokuja mwalimu mkuu, kabla ya saa kumi."

Kwa hiyo ulijua siku hiyohiyo, kabla hujapanga vitu vyako. Ungeweza kwenda kwa Bosi na ushahidi mkononi. Badala yake ulikaa ukatengeneza kitu cha kunizuia nisirudie, ukanipa mimi, ukaenda nyumbani.

Nililia, Mzee. Kilio kibaya cha makamasi. Kisha nikamgeukia Bosi nikamwambia yote, mzaha na behewa na yale maneno matano. Bosi akasema, "Kwa hivyo mzee wa watu nilimfukuza bure." Akakiweka kikombe chini, akatoka. Hajanisemesha mpaka leo. Sijui kama nina kazi Jumatatu. Oti aliniambia tu, "Manze Nekesa," akageukia mashine yake.

Jana nilifanya jambo moja bila kuomba ruhusa. Nimeandika behewa dogo, langu la mwisho pengine pale ofisini. Halifanyi kazi yoyote ila kuandika mistari miwili kila Garimoshi linapoanza: "Garimoshi limeundwa na Mzee Wanyonyi. Kosa la ripoti za shule lilikuwa la Nekesa." Nikifukuzwa wanaweza kulitoa. Lakini watalazimika kulisoma kwanza.

Bado Mama Nasimiyu. Alihama Mbotela, anakaa kwa binti yenu Nasimiyu, mtaa wa Mowlem. Nitamwendea Jumamosi, kwa njia ya mbele, nipige hodi. Sijui atanipokea vipi. Akinifukuza nitasimama nje, na nikimaliza kusema nitaondoka. Na familia itakapokwenda nyumbani kukuwekea msalaba, nakuahidi nitakwenda nao. Nitamwomba yule mzee wa ukoo aniulize tena lile swali lake, uani, mbele ya yule jirani wa pampu na wote waliokuwapo. Safari hii nitasimama na kusema ninacho.

Sikuombi unisamehe, kwa sababu naona ulishafanya hivyo kabla ya saa kumi, nami nikakaa na msamaha wako ndani ya mkebe wa biskuti. Hilo ndilo nitakaloliona aibu hata nikizeeka.

Kwaheri, Baba. Sijawahi kukuita hivyo ulipokuwa hai, nilidhani nitapata nafasi.

Uliandika kwamba utasubiri. Usisubiri tena. Nimelitoa.

Nekesa