Gia ya Godbless na Posa ya Anande

"Toa hilo kopo langoni kwangu!"
"Mama Anande, nivumilie, klachi imechemka. Ikipoa gia itatoka."

Shoga, Levolosi nzima iko nje! Leo washenga wanakuja kumposa Anande, na jirani yao Godbless kaziba lango na lile gari lake la mashindano. Tangu asubuhi analivumisha mtaani, kanyaga achia, kanyaga achia, mpaka pedeli ikalala na gia ikang'ang'ania namba moja. Kusukuma, halisukumiki.

Gari la mbio, eti! Limeshindwa na jua!

Washenga wakafika na pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi, wakamkuta Godbless anapepea boneti kwa kanga ya mkewe. Kwa KANGA, nakuapia!

Mama Anande: "Posa ikirudi, utamwoa wewe!"

Godbless kijasho. Akachuma jani la isale kwenye ua, akampa kwa mikono miwili. Mchaga akiombwa radhi kwa isale atakataaje? Mama akafyonza, akalipokea.

Mshenga mkuu akacheka: "Nyumba inayosamehe hivi, tunaitaka." Wazee na suti zao wakapanda juu ya boneti, mmoja mmoja, mpaka uani.

"Na wewe ingia ule," mama akamwambia Godbless. "Kanga iache hapo hapo."