Nikeli Iliyoungua

Jumatatu, 1 Oktoba 2018

Kopo tupu! Nimerudi kutoka kwa wifi yangu Des Moines, nikavua koti, nikanyoosha mkono juu ya friji — kopo jepesi. Hamna hata nikeli moja, hata senti tano moja.

Na mkwe wangu Trent amesimama jikoni kwangu anatabasamu. Ananipa bahasha, eti zawadi. Nikeli zangu zote kazipeleka kwenye ile mashine ya kuhesabia sarafu dukani, ikakata ada yake, yeye akapewa noti. Noti! Miaka yote hii nachambua senti tano tano, naachia mamia yapite ili nibaki na moja ya maana, leo anakuja huyu anazimwaga kama mahindi ya kuku.

Binti yangu Noreen kanivuta pembeni. Nisimvunje moyo mumewe, aliona kopo zito akadhani nashindwa kulibeba benki. Haya, nimesema asante. 

Halafu, bila aibu, anaongeza kwamba zingine mashine ilizikataa, ikazitema kwenye kitrei. Akadhani ni mbovu, akaziacha palepale! Zile ni za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zenye madini ya fedha ndani. Mashine hutema za namna hiyo kwa sababu hazifanani na nikeli za kawaida. Yaani hata mashine imezitofautisha, mkwe wangu hakuzitofautisha.

Chini ya kopo kulikuwa na soksi ya mtoto iliyofungwa fundo. Nimeuliza. Aliifungua, akamwaga kilichomo pamoja na zingine. Soksi ameifua, ameikunja vizuri, hii hapa.

Kilichokuwa ndani ya soksi sijamwambia mtu.

Jumanne, 2 Oktoba

Nimefika dukani mapema. Kitrei kitupu. Nimepiga magoti, nimepapasa chini ya mashine, nimetoka na vumbi na kibanio cha nywele. Meneja akaja kuniuliza nimepoteza nini. Nikasema pete. Mungu anisamehe. Akaagiza wasichana wawili wanisaidie kuitafuta, mpaka nikaona haya, nikasema nadhani nimeiacha nyumbani.

Mfuko wa mashine ulichukuliwa jana na gari la kampuni. Lakini zilizotemwa hazikwenda na gari. Na anayepita kwenye kitrei kile kila siku, akijifanya amekuja kununua mkate, mji mzima unamjua: Verlyn Haugen, mwenyekiti wa chama chetu cha sarafu.

Siwezi kwenda kumdai. Sisi watu wa sarafu tuna sheria moja: kilichomo kwenye kitrei ni cha aliyekiokota. Mimi mwenyewe nimeokota humo mara nyingi nikafurahi, sikumtafuta mwenye mali.

Jumatano, 3 Oktoba

Labda haikutemwa. Labda ilipita na zingine. Nimekwenda benki, nikanunua sanduku zima la nikeli. Msichana wa dirishani ananiuliza za nini zote hizo. Nimemjibu nafanya harusi. Ukizichambua, unazirudisha benki nyingine, maana benki ya kwanza watakuchukia. Hiyo nayo kila mtu anaijua.

Nimetandaza taulo mezani. Kutwa nzima. Vidole vyeusi tii. Nimepata moja ya 1943 yenye ile herufi kubwa juu ya paa la jumba lililochorwa nyuma yake — ya vita, ya kuweka. Mbili za 2009, za kuweka pia, mwaka ule walitengeneza chache. Nyati mmoja, yaani nikeli ya zamani yenye picha ya nyati, asiye na mwaka, umesagika kwa kushikwashikwa: wa kutumia. Kazi hii naiweza macho yamefumbwa. Ile ninayoitafuta haimo.

Haya, niiandike basi, daftari halina mdomo. Ni nikeli ya nyati. Mwaka wake ulikuwa umefutika kabisa. Kaka yangu Dell, akiwa na miaka kumi na miwili, aliagiza kichupa cha tindikali kwa posta. Akajifungia bandani na wavulana wa mashamba jirani, mimi wakanifungia nje kwa sababu ni msichana na ni mdogo. Ukidondoshea tindikali pale palipokuwa na mwaka, mwaka unarudi. Alitoka anapiga kelele: "Ardith! 1919!" Akanipa mimi. Akasema mimi ndiye hodari wa kutunza vitu.

Kumbe tindikali inarudisha mwaka na kuiua sarafu. Panabaki kovu la kijivu. Hakuna mkusanyaji anayeitaka, na hilo halibadiliki hata ukalia. Dell alikuwa na miaka kumi na tisa alipozama kwenye mahindi ndani ya ghala. Walikata bati kumtoa, amekwisha kufa.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nimetoka kwenye kikao sasa hivi. 

Tulikuwa kama kawaida, chumba cha chini cha kanisa, kahawa na keki ya malenge. Verlyn anasimama na suspenda zake za kushikilia suruali, anasema wiki hii Bwana amemkumbuka. Anapanga mezani nikeli za vita, moja, nyingine, nyingine. Nyati wawili wenye mwaka unaosomeka. Za kwangu! Ninazijua kama ninavyojua meno yangu. Watu wanapiga miluzi. Mimi nimekunja mikono, damu inachemka.

Mwisho akatoa moja peke yake, akaiinua kwenye taa. Kovu la kijivu. 1919.

"Na hii imeungua na tindikali," akasema. "Ardith, tuambie, hii ni ya nini?"

Wakaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Wanajua neno langu. Kila anayekuja na nikeli ya tindikali mimi humwambia neno hilohilo, mgeni au mwenyeji, mzee au mtoto. Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Takataka. Kaitumie dukani."

Nimesema hivyo! Kwa mdomo wangu! Verlyn akanitazama kidogo, akairudisha mfukoni. Pasta angekuwepo angesema nisubiri jogoo awike, kama Petro.

Ijumaa, 5 Oktoba

Sijala. Hasira imejaa tumbo, chakula kitapita wapi. Mkuki kwa nguruwe.

Jumamosi, 6 Oktoba

Trent amekuja. Amezunguka vituo vya mafuta vitatu akinunua nikeli. Akakaa mezani, akaanza kuchambua bila kuambiwa. Anachagua zinazong'aa! Nimemwambia mkwe wangu, kung'aa si kitu, za kung'aa zimetoka kiwandani jana. Akaziweka pembeni taratibu, akaendelea. Baada ya saa akainua moja, akauliza hii herufi juu ya paa ndiyo ile? Ndiyo ile. Amefurahi mpaka masikio yamekuwa mekundu.

Halafu akaniuliza, "Mama, tunatafuta ipi hasa? Maana hizi unaziangalia kama hutaki yoyote."

Nikamweleza. Sijui kwa nini yeye. Noreen mwenyewe hajui. Nimemwambia ya bandani, ya kichupa, ya ghala. Na Alhamisi pia nimemwambia. Akageuzageuza ile soksi. Mwisho akasema basi si nimwambie tu huyo mzee.

Si nimwambie tu! Kama vile ni kuomba chumvi kwa jirani. Nisimame mbele ya watu niliowafundisha kutupa, niseme mimi ninayo na nimeificha kwenye soksi? Nimemwambia amalize kahawa yake aende kwa mkewe.

Ameondoka. Zile ng'avu amezipanga vizuri kwenye sahani.

Jumapili, 7 Oktoba

Baada ya ibada nimemfuata Verlyn kwenye meza ya kahawa. Nimejikaza. Nikamuuliza, kama vile nauliza hali ya hewa, ile nikeli mbovu aliipeleka wapi. Akasema ametii amri: Ijumaa amenunulia kahawa mkahawani kwa Darlene. Akachukua biskuti, akaondoka zake.

Ameitumia! Miaka yote namwambia mambo hanisikii, leo ndiyo anasikia! Mkahawa wa Darlene haufunguliwi Jumapili. Nimekwenda kutazama mlango hata hivyo.

Jumatatu, 8 Oktoba

Nilikuwa mlangoni kabla ya Darlene mwenyewe. Akanimwagia nikeli zote za droo juu ya kaunta, mwanamke mwema. Haimo.

Kisha akasema jambo. Verlyn hakulipa kwa sarafu Ijumaa. Alilipa noti, akaacha chenji yote mezani, jambo ambalo halijapata kutokea. Alikaa muda mrefu akizungusha kitu kati ya vidole. Akamuuliza Darlene kama anamkumbuka Dell Tiedemann.

Mwongo! Mzee mzima, na suspenda zake, anadanganya ndani ya kanisa! Nimetembea njia nzima mpaka nyumbani na sikumbuki hata nyumba moja niliyoipita. Anamjua Dell. Alijua ni ya nani siku ile alipoiinua kwenye taa. Alijua, na akaniuliza mbele ya watu.

Jumanne, 9 Oktoba

Nimempigia simu. Sikusalimia. Nimemwambia anirudishie.

"Nikurudishie nini?" akasema. "Takataka?"

Nimemtukana. Siandiki. Akasubiri nimalize, halafu akasema polepole kwamba siku ile alikuwemo bandani. Yeye ndiye aliyeshika kichupa, maana mkono wa Dell ulikuwa unatetemeka kwa furaha. Nyati walikuwa wawili. Mmoja Dell alinipa mimi, mwingine alimpa yeye.

"Ninayo mpaka leo, Ardith. Iko kwenye boksi la viatu, nyuma ya kabati, kwa sababu ya ulimi wako. Nimekuwa mwenyekiti wa chama na sijawahi kuileta mezani."

Kwa sababu yangu. Mimi!

Akasema ya kwangu nitaipata. Haitaki, na pesa hataki. Anataka kitu kimoja: Alhamisi, mbele ya wale wale, niseme kwa sauti kwamba ni ya kuweka.

Masharti! Ananiwekea masharti kwa nikeli yangu, aliyonipa kaka yangu! Nimekata simu. Nimeosha vyombo vilivyokuwa safi. Kwani nilisema uongo? Imeungua. Haina thamani. Kitabu chochote cha sarafu kitakwambia hivyo. Nikisema ni ya kuweka, kesho kila mtu atakuwa na kichupa cha tindikali, wataunguza nyati wote wa Iowa, na lawama juu yangu! Nani atawazuia?

Na huyo Verlyn, si angeweza kuniambia tu? Miaka yote tunakaa meza moja, tunagombea kisu cha keki, hajafungua mdomo. Nani angemcheka?

Mimi ningemcheka. Ndiyo.

Jumatano, 10 Oktoba

Trent kapiga simu kuuliza kama nimeshamwambia mzee. Nimemwambia anajishughulisha mno na mambo ya watu. Akasema ndiyo, mama. Kesho atanipeleka kwenye kikao, mvua itanyesha.

Alhamisi, 11 Oktoba

Naandika kanisani, jikoni, wakati wa mapumziko. Nasikia wanakoroga kahawa. Daftari nimelitoa kwenye pochi kwa sababu sijui niiweke wapi mikono yangu.

Verlyn hajaniomba kitu. Hajanitazama hata. Lakini kwenye meza ya mbele kaweka kitambaa cheusi, na juu yake nikeli mbili. Nimepita karibu kama naenda kuchukua sukari. Ya kwangu, 1919. Na ya pili, 1924, yenye kovu lilelile, mahali palepale. Mkono mmoja uliziunguza. Watu wanazitazama, wanatazamana, hakuna anayethubutu kuuliza.

Na leo amekuja mgeni, bwana mmoja wa kutoka ng'ambo ya mto, anafungua leso, ndani ana nyati wake wa tindikali. Wa baba yake, anasema. Ameuliza kama ni wa kuweka au wa kutumia. Wakamwambia ngoja Ardith amalize kahawa, atakujibu yeye. Nimewasikia wakicheka.

Hasira yangu iko palepale. Verlyn nitamwambia yake, tena leo leo, maegesho ya magari yatasikia. Lakini soksi nimekuja nayo. Iko kwenye pochi, safi, imekunjwa alivyoikunja mkwe wangu.

Wameshakaa, nami nimerudi kitini na daftari langu. Viti vimenyamaza. Kuna mtu kaniita jina, mgeni ameinua nikeli yake juu, anauliza tena. Wote wamenigeukia, midomo tayari kucheka. Verlyn hacheki. Trent amesimama mlangoni na mwavuli unaodondosha maji.

Naweka kalamu chini. Soksi nimeishika, na neno langu la leo si lile la siku zote.