Kona Nyeupe ya Ankara

Makole, Dodoma

Mpendwa shemeji, Mama Neema,

Marahaba, maana najua umeniamkia kabla hata ya kufungua bahasha. Mgongo wako umepata nafuu? Na maharage yamesalimika na mvua za huko Kasulu? Mimi mwili umechoka. Kutoka kitandani hadi barazani napumzika njiani, na daktari ameacha kunipangia siku ya kurudi. Akili bado ninayo, ndiyo maana naandika mwenyewe.

Unakumbuka tulivyouza zabibu za shamba letu la Zuzu. Mnunuzi alitoa noti, nikazigawa mafungu mawili, lako nikakutumia, kama tulivyopatana na marehemu mumeo Ezra, mdogo wangu. Baadaye Bwana Karimu, mnunuzi wetu wa mjini, akachoka kubeba noti. Akataka ankara yenye ule mraba wa vidoti vyeusi, ili auelekezee simu na fedha zitoke benki yake ziingie yetu. Akanitania kwamba hata muuza mchicha wa Chang'ombe anao mraba wake, iweje mwalimu mzima niachwe nyuma.

Nikaenda benki. Binti wa pale alinieleza kwamba mtu akiskani mraba huo, kabla hajalipa huliona jina la mwenye akaunti. Akaniuliza kama shamba ni langu peke yangu. Kama tuko wawili, akaunti iwe ya wawili, na mwenzangu aje atie saini.

Nilimjibu kwamba ni langu.

Nilijitetea moyoni kuwa Kasulu ni mbali na mavuno yamekaribia. Ukweli ni kwamba nilitamani jina langu litokee peke yake. Nilinunua miche, ni kweli, lakini mashimo yote alichimba Ezra katika ardhi ile ngumu, wewe ukimbebea maji, kabla hujarudi kwenu Kasulu. Mimi nilikuja Jumamosi na viatu safi.

Fungu lako sijalipunguza hata msimu mmoja, na kwa hilo nikajiona mtu mwema. Mavuno haya Bwana Karimu alikuja kulipia hapa nyumbani. Akaskani ankara, akasoma jina langu kwa sauti, akauliza kama ndilo. Mwanangu Amosi akacheka, akasema, "Kumbe zile fedha za Mama Mdogo huwa ni hisani tu ya Baba."

Sikumsahihisha, shemeji. Nilikunywa chai yangu. Tangu hapo nawaza: nikifumba macho, watoto wangu watashika kile simu inachosoma, nawe utakuwa mtu wa kuombaomba kwenye shamba lako.

Jumapili nilimwita Amosi. Nikamwambia, "Shamba lile lina wenyewe wawili."

"Mbona benki inasema mmoja, Baba?"

"Kwa sababu ndivyo nilivyoiambia."

Akaniuliza kama wewe unajua. Ndiyo maana nakuandikia barua hii.

Nakuomba upande treni uje, na kitambulisho chako. Usingoje kuuza maharage; Amosi atakutumia nauli kwenye simu yako. Binti wa benki amekubali kuja na karatasi hadi kitandani kwangu, lakini saini ya marehemu hawaipokei. Ukiwa na hasira, njoo nazo. Nitakusikiliza.

Nisalimie Neema na mumewe, mama yako mzazi, na mchungaji aliyemzika Ezra. Wake za wajomba wa Neema uwaambie bado nawakumbuka kwa ule ugali wao.

Ankara za msimu ujao nimeshachapisha. Juu kuna majina mawili, lako limetangulia. Kona ya chini, pale unapokaa mraba, nimeiacha nyeupe. Bwana Karimu ameiona, akasema hawezi kulipa karatasi ya namna hiyo. Nimemjibu asubiri, mwenye shamba yuko njiani.

Usinifanye mwongo mara ya pili.

Shemeji yako,
Philemoni